Shikamoo ya Laini Sitini na Nne

Baba yangu na baba wa mchumba wangu waligombana kwa sababu ya mbuzi waliokufa tangu enzi za Mjerumani. Mbuzi wenyewe hakuna aliyewahi kuwaona, si mimi, si mama, si mshenga. Nikikumbuka hasira inanipanda, halafu nacheka, halafu hasira inanipanda tena, kwa sababu nusura mbuzi hao waninyang'anye mume.

Miaka ya sabini nilikuwa opereta wa simu Iringa. Kutwa nzima nimekaa mbele ya swichibodi, vyuma masikioni, waya mkononi, "Halo Iringa, nikuunganishe na nani?" Mchumba wangu alikuwa fundi mitambo wa simu Mbeya. Tulijuana sauti kabla ya sura. Kila asubuhi ilikuwa lazima fundi wa Mbeya aongee na opereta wa Iringa kuhakikisha laini ya kati ya miji yetu imeamka salama. "Iringa, unanipata?" "Nakupata vizuri, Mbeya." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Baadaye ikawa, "Iringa, umeshakunywa chai?" Hiyo haikuwa kazi, na wote wawili tulijua. Siku aliposhuka kwenye basi nimwone kwa mara ya kwanza, nilimkuta mfupi kuliko sauti yake. Nikasema moyoni, potelea mbali, sauti itatosha.

Baba yangu, Mhehe, alikuwa na mashine ya kusaga pale Mlandege. Baba yake, Mnyakyusa, alikuwa na lori la kubeba ndizi na mchele kutoka Kyela mpaka Mbeya mjini. Wote wawili walikuwa na simu, na namba yao, amini usiamini, ilikuwa moja: Iringa sitini na nne, Mbeya sitini na nne. Mimi na mwenzangu tukasema huu ni mkono wa Mungu. Vijana wakipendana hata namba ya simu wanaiona unabii.

Basi mzee wa Mbeya akaja kwetu na mshenga na mkungu wa ndizi mrefu kama mtoto wa shule. Akabisha hodi, akakaribishwa, akaketi. Baba naye ameketi kwenye kiti chake cha kila siku. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kama wangekuwa Wahehe wote wawili, mmoja angesema kamwene, mwingine angeitikia kamwene, yakaisha. Wanyakyusa nao wana ugonile yao, haina makuu. Lakini hawa wazee hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo ilibidi wasalimiane kwa Kiswahili, na Kiswahili kina shikamoo, na shikamoo ina mdogo na mkubwa. Mdogo ndiye anayeanza. Sasa mdogo ni nani? Wote vipara, wote mapengo, na cheti cha kuzaliwa hakuna aliyekuwa nacho. Kila mmoja akakaa anasubiri kuamkiwa.

Mama akaleta maji ya kunawa. Kimya. Akaleta ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Wakanywa kimya. Mshenga akakohoa mpaka tukamwonea huruma. Mwishowe baba akasema, anauangalia ukuta, "Mjerumani alipofukuzwa huku, mimi nilikuwa nachunga mbuzi."

Mgeni akatazama dari. "Mimi nilikuwa nachunga ng'ombe."

Ukikulia kwetu huhitaji kufafanuliwa. Mbuzi wanachungwa na vitoto, ng'ombe wanapewa mvulana aliyekwisha kupata nguvu. Baba aliweka kikombe chini polepole. "Wako watoto," akauambia ukuta, "wanachungishwa ng'ombe wangali wadogo kwa sababu kwao mbuzi hawapo."

Lo! Mzee wa watu akasimama, akachukua kofia yake, akachukua na mkungu wake wa ndizi, akatoka. Alipanda basi la kurudi Mbeya amepakata ndizi. Tulisikia kwamba basi liliposimama Nyololo alizigawa zote kwa abiria, na kila aliyepokea ndizi alipewa na habari za wale mbuzi. Nilifikiri nitapasuka. Mimi nimeshonewa nguo mpya, nimesukwa, nimesimama nyuma ya mlango na sinia la chakula, na ndoa yangu inaondoka na basi!

Tangu hapo wote wawili wakawa na neno moja. Ukimwendea baba, "Mwambie aniamkie, hata kwa simu. Nitaitikia. Lakini aanze yeye." Mchumba wangu akimwendea baba yake, "Aniamkie, hata kwa simu. Ila aanze yeye." Bila shikamoo hakuna kuzungumza mahari, bila mahari hakuna harusi. Mama alibembeleza akachoka. Mshenga alisema yeye kazi yake ni kuunganisha koo, si kupima umri wa wazee, akajiuzulu.

Halafu ikaja habari ya kunimaliza kabisa. Mchumba wangu aliambiwa kwamba mtambo mpya wa simu ukishapimwa na kupokelewa, yeye anahamishiwa Mwanza. Mwanza! Siku zile kwa mtu wa Iringa kusema Mwanza ilikuwa kama kusema ng'ambo. Na fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwanamume kijana, ana kazi, ana sauti ile, aende Mwanza bila mke, halafu nitegemee nini? Nililia mpaka mama akaniambia niache kidogo cha kulilia siku yenyewe.

Sasa niwaeleze huo mtambo, maana ndio ulioamua kesi. Ulikuwa mtambo wa kumwezesha mtu wa Iringa kuzungusha namba mwenyewe akampata mtu wa Mbeya, bila kupitia kwangu. Kabla ya kupokelewa ilibidi laini zote zipimwe, na safari hii kupima hakukuwa kwa mimi kupiga kelele "unanipata, unanipata." Lilikuja kabati la chuma, mafundi wakaliita Mpimaji. Mpimaji alikuwa anapima mwenyewe, watu mmekunja mikono.

Namna yake ilikuwa hivi. Mbele yake kulikuwa na ubao wenye matundu mengi. Fundi anachukua karatasi ngumu, tunaiita kadi, ameitoboa kwa mpango, anailaza juu ya ubao, anachomeka vijiti vya shaba panapoonekana tundu. Kadi ndiyo inayosema laini hii iunganishwe na ile, isubiri kiasi hiki, iachiwe, ifuate nyingine. Ukivuta mpini, mtambo mzima unajipanga wenyewe kwa kufuata ile kadi: kacha, kacha, kacha! Nilikuwa napenda kuutazama. Ukibadilisha kadi, mtambo nao unabadilika tabia, hakuna haja ya kwenda kugusa waya mmoja mmoja. Laini ikiwa nzima inawaka taa ya kijani. Ikiwa na kasoro, yaani watu wako kimya au hawaachii laini, inawaka nyekundu, kengele inalia, na Mpimaji anagoma hapo hapo mpaka mtu aikate ile simu kwa mkono.

Ila kuna sharti kubwa: wakati wa kupima hugusi simu za wateja. Mtambo ulikuja na kisanduku cha kujiitikia, kidogo tu, kina laini zake za bandia. Mpimaji anakipigia, kinaitika "puuu," anaridhika, anaendelea. Mchumba wangu alipokuja Iringa kuandaa upimaji, alitoboa kadi safi kabisa ya kupigia kisanduku hicho.

Mkuu wetu wa kituo akaja kuikagua. Huyu alikuwa mzee wa mjini, asili ya pwani, babu yake alifika Iringa na wafanyabiashara akanogewa na baridi. Adabu yake ilikuwa ya kutisha. Kutoka mlangoni mpaka mezani kwake ilikuwa safari, kwa sababu alimsalimu kila mtu, akauliza nyumbani, akauliza watoto, kisha akarudia kwa waliochelewa kufika.

"Kadi hii inampigia nani?" akauliza.

"Haimpigii mtu, mzee. Inapigia kisanduku hiki."

"Na kisanduku kinaitika?"

Mchumba wangu akakibonyeza. Puuu.

"Astaghafirullah!" Mkuu akarudi nyuma. "Kijana, mtu akipiga hodi kwenye nyumba isiyo na watu, huyo ni mwizi. Na hodi ikiitikiwa kwenye nyumba isiyo na watu, huo ni uchawi. Hapa kwangu hamtaniletea mwizi na mchawi kwenye sanduku moja. Toboa kadi nyingine. Watu halisi, sauti halisi. Namba kwa namba, moja ya Iringa na moja ya Mbeya, mbili na mbili, mpaka mwisho."

"Lakini mzee, tutawasumbua wateja."

"Kumsalimu mtu ni kumsumbua?"

Mchumba wangu akachukua wembe, akachukua karatasi ngumu, akaanza kutoboa. Mimi namshikia taa ya mezani nimwone vizuri usoni kuliko anavyoiona kadi. Ghafla akasimama. Akaniangalia. Nikamwangalia.

"Namba kwa namba," akasema.

"Sitini na nne," nikasema.

Nilimwambia aliache tundu hilo. Akasema ukiruka tundu Mpimaji anagoma pale pale, na anayekuja kuangalia ni mkaguzi kutoka Dar es Salaam. Nikamwambia basi nimwendee baba nimwombe asipokee. Akaniuliza, "Baba yako akiambiwa asipokee, hatauliza kwa nini?" Kweli. Baba ukimwambia asipokee simu, ataketi juu yake. Nikaona mambo yatakavyokuwa: wazee wawili wanakutana kwenye laini mpya, mbele ya mkaguzi, wanaanza upya na mbuzi na ng'ombe, wanatukanana mpaka mizimu inaamka. Baada ya hapo hata malaika hawezi kuwapatanisha. Na mchumba wangu huyo, Mwanza.

Asubuhi ilikuwa na baridi ile ya Julai ya kwetu. Mkaguzi wa Dar alikuja na suti nyepesi, mikono kwapani, pua imelowa, anataka kazi iishe akaote moto. Mkuu wa kituo alimwuliza habari za safari, za mke, za watoto, za bahari. Mkaguzi akajibu "nzuri" moja kwa zote. Mkuu akaniangalia kwa masikitiko. Mimi nilikuwa na vyuma masikioni, kazi yangu ni kusikiliza kila jozi na kusema kama sauti inasikika. Mchumba wangu akalaza kadi, akachomeka vijiti, akavuta mpini. Kacha, kacha, kacha!

Ukitaka kucheka, fikiria yaliyotokea mjini. Simu inalia kwa mtu wa Iringa na kwa mtu wa Mbeya kwa wakati mmoja. Wote wanapokea. Kila mmoja anajua kwamba yeye ndiye aliyepigiwa. Labda nchi nyingine wangeulizana, "Unasemaje? Una shida gani?" Kwetu nani ana uso mkavu wa kumwuliza mgeni shida yake kabla ya salamu? Wakasalimiana! Misheni ya Iringa iliunganishwa na baa ya Mbeya.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibuni sana, tumeshafungua."

Fundi wa majeneza wa Iringa akapata zahanati ya Mbeya. "Habari za huko?" "Nzuri tu, leo hakuna aliyezidiwa." "Aa, basi. Haidhuru." Wakaagana vizuri, simu ikawekwa, taa ya kijani. Kila mtu aliridhika kwamba mwenzake wa mbali kamkumbuka tu, kampigia amsalimu. Mkaguzi, aliyedhani tunatumia kisanduku, alisogeza sikio kwenye spika ndogo ya Mpimaji, akakunja uso.

"Mbona laini zenu za bandia zinaongea?"

"Kwetu kila kitu kinafundishwa adabu, bwana," akasema Mkuu wa kituo.

Taa za kijani zikawa zinafuatana. Sitini na moja. Sitini na mbili. Mchumba wangu alikuwa amesimama kando ya mpini, midomo inatembea, nadhani anasali, na yeye si mtu wa kusali ovyo. Sitini na tatu walikuwa mwuza viatu na posta, wakamalizana haraka. Kacha.

Nikasikia mlio wa simu ya Mlandege. Nikasikia na ya Mbeya, inalia kwa mbali. Kisha mngurumo wa mashine ya kusaga, na sauti ya baba, "ZIMENI MASHINE! Halo!"

"Halo," likajibu koo zito la Mbeya.

Halafu kimya. Walikuwa wametambuana. Nilisikia baba anapumua. Nilisikia unga unakung'utwa kwenye shati. Kila mmoja anamsubiri aliyepiga simu aseme.

"Kimya," mkaguzi akasema. "Laini imekufa hiyo. Inawaka nyekundu sasa hivi."

Sema, baba, nikaomba. Sema chochote, hata tukana, lakini sema!

Baba akasafisha koo. Na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia, ya upole, ya mtu aliyeshinda kesi na anataka kuwa mwungwana. "Aliyebisha hodi hafukuzwi," akasema.

"Ni kweli kabisa," akasema mwenzake, naye kwa upole ule ule wa mshindi. "Mgeni hafukuzwi hata siku moja."

Masikini, kila mmoja alikuwa anamkaribisha mwenzake! Kila mmoja anaona, huyu kajishusha, kapiga simu, yamekwisha, sasa mimi ni nani nimwaibishe? Aliyepigiwa simu amekwisha kuheshimiwa, anaweza kutoa zawadi. Na wote wawili wakaamua kuitoa kwa pamoja.

"Shikamoo," akasema baba.

"Shikamoo," akasema baba mkwe, juu ya sauti yake.

Na kabla hata sijameza mate, "Marahaba," wote wawili, tena kwa pamoja.

Nikasimama. Waya wa vyuma vya masikioni ukanivuta kichwa nikakaa tena. "Inasikika!" nikapiga kelele. "Inasikika vizuri sana!" Mchumba wangu akafunika uso kwa mikono. Kule kwenye laini baba alianza kucheka, kile kicheko chake cha kukohoa, na mwenzake akacheka, halafu wakaanza salamu zenyewe, zile zilizokuwa zimelimbikizwa tangu siku ya ndizi.

Hapo taa nyekundu ikawaka, kengele ikalia. Laini haijaachiwa.

"Kata," akasema mkaguzi.

Hakuna aliyesogea.

"Ikateni hiyo simu kwa mkono, tuendelee! Mnangoja nini?"

"Tunangoja wamalize," akasema Mkuu wa kituo.

"Nani wamalize? Kisanduku?"

"Bwana mkaguzi," Mkuu akasema, amesimama wima kama imamu, "hapo wamefika kwenye habari za mvua. Bado mifugo, bado watoto, bado pole za marehemu. Mtu hakatwi kwenye mvua. Ukimkata kwenye mvua ataanza upya."

Mkaguzi akaufuata mpini yeye mwenyewe. Mchumba wangu, yule mpole, yule mfupi, akajisogeza akasimama mbele yake. Alisimama tu, kidevu kinamfikia mkaguzi kwenye tai. Nilimpenda pale kuliko siku zote, na nasema hivyo mpaka leo. Kengele inalia, mkaguzi anatetemeka kwa hasira na baridi, na mimi masikioni nawasikia wazee.

"Na ng'ombe wazima?" baba anauliza.

"Wazima. Na kwako, mbuzi?"

Roho ikanipaa.

"Mbuzi zangu," akasema baba, "wanakusalimu." Wakacheka tena mpaka spika ikakwaruza. Kisha baba akasema, "Sikiliza. Njoo na mtoto wako. Na ile ndizi."

"Ile iliisha Nyololo."

"Basi njoo na nyingine."

Wakaagana, wakaagana tena, wakakumbuka kusalimia mama zetu, wakaagana kwa mara ya mwisho. Mashine ya kusaga ikaanza kunguruma, baba akaweka simu, laini ikaachiwa. Mimi nilikuwa nalia machozi yanaingia kwenye swichibodi.

Mkaguzi alitangaza kwamba laini sitini na nne ni mbovu, kwamba mtambo haupokelewi, na kwamba fundi haendi Mwanza wala popote mpaka auone ubovu huo na kuuondoa. Mchumba wangu akasema ndiyo, bwana, nitautafuta. Akautafuta. Akafungua, akafunga, akapima kila waya kutoka Iringa mpaka Mbeya, laini nzima kama kigongo. Ubovu wenyewe ulikuwa ni wazee wawili wenye adabu, na huo hauna spea. Wakati yeye anautafuta, mahari ikazungumzwa, ikatolewa, na siku ya harusi ikafika.

Harusi ilifanyika uani kwetu Mlandege. Ndizi zilikuwepo, wali wa Kyela ulikuwepo, ulanzi ulikuwepo kupita kiasi. Chakula kilipokuwa kinapakuliwa baba akasimama kusema neno. Akamshika baba mkwe bega.

"Huyu mwenzangu," akasema, "ni mtu mzima kweli kweli. Tulikuwa tumekwaruzana. Lakini alijishusha, akanyanyua simu, akanipigia yeye kwanza."

Baba mkwe akamgeukia. "Mimi? Wewe ndiye uliyenipigia."

"Usione haya, ndugu yangu. Kujishusha ndio ukubwa."

"Ndio maana nakusifu wewe!"

"Mimi sikupiga!"

"Na mimi nasema ulipiga!"

Jamani! Wazee wale waliokaa miezi wanagombea ukubwa, sasa wanagombania kupeana heshima, na sauti zinapanda vile vile, na kofia zinatafutwa vile vile. Nimevaa shela, naangalia ndoa yangu ya nusu siku inataka kuingia kwenye basi la Mbeya. Mume wangu alikuwa ameinama kwenye sahani yake, anatafuta tundu la kuingia.

Ndipo mama akaja kutoka jikoni na upawa mkononi. Mama yangu hakuwa mtu wa hotuba, na mimi sikuwahi kumficha kitu. "Kaeni chini," akasema. "Hakuna aliyempigia mwenzake. Mlipigiwa na mashine."

Baba akamtafuta kwa macho Mkuu wa kituo, aliyekuwa amekaa na wageni wa heshima. Yule mzee akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ni kweli tupu," akasema. "Mimi ndiye niliyesema hodi iende kwenye nyumba zenye watu."

Nilijua baba anachofikiri. Mtu aliyetoa shikamoo akidhani mwenzake ndiye aliyempigia ameliwa, na sasa walikuwa wameliwa wote wawili. "Kwa hiyo," akasema, "hodi ilikuwa ya mashine."

"Ya mashine."

Akamtazama baba mkwe. "Na sisi hatujaiamkia."

"Hatujaiamkia," akakubali baba mkwe, na nikaona aibu ya kweli usoni mwake. "Imetupatanisha, tukala, tukanywa, hata salamu hatukuipa."

Jumatatu asubuhi walikuja kituoni wamevaa suti zile zile za harusi. Mkuu wa kituo aliwapokea mlangoni, akawauliza nyumbani na watoto, nikiwemo mimi niliyekuwa nimesimama pembeni yake, kisha akawaingiza chumba cha mitambo. Wakasimama mbele ya Mpimaji. Wakavua kofia. Baba akamtazama mwenzake ili safari hii pasiwe na maneno, wakavuta pumzi kwa pamoja.

"Shikamoo," wakasema.

Kabati lile la chuma likanyamaza. Wao wakangoja. Wakaendelea kungoja, wameinamisha vichwa, na nikaona masikio ya baba yanaanza kuwa mekundu. Shikamoo isiyoitikiwa ni jambo zito, na sisi tulikuwa tumekwisha kuona uzito wake. Nikamtazama mume wangu. Akapita nyuma ya kabati taratibu, akachomeka waya wa kile kisanduku.

Puuu.

"Imeitikia," akanong'ona baba mkwe.

"Ina sauti ya mtu mzima," akasema baba. Akavaa kofia yake, ameridhika, akanishika mkono kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo. "Hii imetuzidi umri wote wawili," akaniambia. "Msiihamishe."

Nilitaka kucheka nikajikuta nalia tena, kwa furaha, mbele ya watu na mitambo. Mkuu wa kituo alikuwa amegeukia dirishani na mabega yanamtikisika. Alipogeuka alikuwa amefuta macho. Akasema wazee wasiondoke bila chai, na akanituma mimi nikachemshe maji.